Kuanzia bahasha ya vyeti hadi barua ya ajira: mwongozo wa usaili kwa waombaji wa Nyanda za Juu Kusini

Tangazo la kuitwa kwenye usaili likitoka leo, usaili wenyewe unaweza kuwa wiki ijayo. Aliye Dodoma mjini atapiga pasi shati na kwenda. Aliye Matema, Bulongwa au Ludewa ana kazi tatu katika siku hizo hizo: atafute nauli, afuate vyeti alikoviacha, na asome. Mara nyingi kusoma ndiko kunakokosa nafasi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni mambo ya kufanya kabla hujaitwa popote, ukiwa bado nyumbani na una muda.

Nimekaa upande wa jopo katika usaili wa taasisi binafsi hapa Mbeya, na nimesaidia vijana kujiandaa kwa usaili wa serikali. Kinachoniuma ni kuona mtu mwenye uwezo akirudishwa mlangoni kwa sababu ya karatasi, kabla hata hajaulizwa swali. Ndiyo maana naanza na karatasi.

1. Tandaza vyeti vyote usome majina herufi kwa herufi

Weka mezani cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, cha sita kama unacho, cha chuo, na kitambulisho cha NIDA. Soma jina la kwanza kwenye vyote, kisha la kati, kisha la mwisho. Huku kwetu tatizo hili ni kubwa kwa sababu majina yetu huandikwa na karani kadiri alivyosikia. Atupele anageuka Atupelye, Ambakisye anakuwa Ambakise. Mwingine shuleni aliandikishwa kwa jina la baba, NIDA akaandikishwa kwa jina la ukoo. Dada aliyeolewa anatumia jina la mume kwenye kitambulisho na la baba kwenye vyeti vyote.

Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma husisitiza jambo hili: mwenye majina yanayotofautiana aje na hati ya kisheria inayoeleza tofauti hiyo. Kama jina limebadilika kabisa, unahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na mwanasheria atakuongoza. Kama ni kosa la herufi upande wa NIDA, nenda ofisi ya NIDA ya wilaya yako urekebishe. Yote haya huchukua muda na fedha, na hakuna linalowezekana ndani ya siku nne za kuelekea usaili. Lifanye mwezi huu.

Jambo la pili ni vyeti halisi. Hati ya matokeo ya muda, karatasi ya matokeo ya kidato cha nne au cha sita, na barua ya chuo kwamba umehitimu, kwa kawaida havikubaliwi. Kama chuo chako hakijakupa cheti kwa sababu ya ada uliyobakiza, ujue deni hilo linaweza kukugharimu ajira, kwa hiyo liwe la kwanza kulipwa. Aliyesoma nje ya nchi apeleke vyeti vyake vikahakikiwe mapema: TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kwa shahada, NACTVET (baraza la elimu ya ufundi) kwa stashahada, NECTA (Baraza la Mitihani) kwa sekondari. Kama kada yako ina baraza au bodi, kama vile uuguzi, ufamasia, uhandisi au ununuzi, cheti cha usajili na leseni hai ni sehemu ya vyeti vyako. Leseni iliyoisha muda haikusaidii.

Ukali huu una historia. Aprili 2017 serikali ilitangaza majina ya watumishi zaidi ya 9,900 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Tangu hapo hakuna afisa anayetaka kusema kwamba alimpitisha mtu bila kuona karatasi halisi.

Toa nakala za kila kitu, kisha tafuta bahasha ya plastiki yenye kifungo. Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na nimeona cheti cha shahada kilicholowa wino wa muhuri ukasambaa. Vyeti vikae sehemu moja ndani ya nyumba, na mtu mmoja wa nyumbani apajue.

2. Akaunti na simu zikae tayari

Kazi za serikali huombwa kupitia Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa Sekretarieti ya Ajira, na usajili wake unahitaji namba ya NIDA. Andika nywila kwenye daftari. Ukiitwa, namba yako ya usaili utaipata ndani ya akaunti hiyo, kwa hiyo aliyesahau nywila usiku wa kuamkia safari yuko pabaya.

Namba ya simu uliyoandika kwenye maombi usiibadilishe. Kama unashinda shambani kusikokuwa na mtandao, andika kwenye CV namba ya pili ya ndugu aliye mjini, na mweleze akipokea simu ya aina hiyo aandike nini: jina la taasisi, tarehe, mahali, na jina la aliyepiga.

3. Mjue mwajiri kuliko tangazo linavyomwelezea

Hapa ndipo watu wa mikoa yetu wana faida wasiyoitumia. Jopo likikuuliza unajua nini kuhusu taasisi yetu, waombaji wengi husoma dira na dhima walizokariri. Wewe umekua karibu na kazi yenyewe.

Chukua mfano wa anayeomba kazi ya afisa lishe, muuguzi au afisa maendeleo ya jamii. Utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Iringa ilikuwa na udumavu wa asilimia 56.9 kwa watoto wa chini ya miaka mitano, Njombe asilimia 50.4, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Hii ni mikoa inayolisha nchi kwa mahindi na viazi. Msailiwa anayeweza kuzungumzia kwa nini mtoto anadumaa kwenye nyumba yenye ghala lililojaa, mama akishinda shambani kutwa na mtoto akila uji mtupu, ameonyesha kwamba anaijua kazi kabla hajapewa. Hilo halipatikani kwa kukariri.

Anayeomba halmashauri ya Mbarali aujue mpunga na migogoro ya maji ya bonde la Usangu. Wa Chunya ajue dhahabu na tumbaku. Wa Rungwe ajue chai, ndizi na parachichi, na ajue pia kwamba wilaya hiyo ina halmashauri mbili, Rungwe na Busokelo. Kila mmoja ajue Songwe ilitengwa na Mbeya mwaka 2016 na Njombe ikatengwa na Iringa mwaka 2012, asije akamweka mkurugenzi kwenye mkoa usio wake. Kwa kazi za kampuni, iwe ni chai Mufindi, karatasi Mgololo, saruji Songwe au vinywaji baridi hapa mjini, tafuta mtu anayefanya kazi mle ndani, hata mlinzi au dereva, umuulize maswali matatu: mnazalisha nini hasa, mnamuuzia nani, na mwaka huu kinachowasumbua ni kitu gani. Swali la tatu ndilo lenye thamani.

4. Mchujo

Kwa kada zenye waombaji wengi kuna mtihani wa mchujo kwanza, wa kuandika au wa kompyuta, na baadhi ya kada, kama udereva na uandishi wa habari, zina usaili wa vitendo kabla ya mahojiano. Soma mambo ya fani yako ya mwaka wa kwanza na wa pili chuoni, maana maswali mengi hutoka kwenye misingi. Ongeza sheria inayoongoza kada yako, Sheria ya Utumishi wa Umma, na maadili ya utumishi.

Kama kompyuta inakutisha, tenga siku chache ukae kwenye stesheneri au maktaba ya chuo ujizoeze kutumia kipanya na kusoma swali kwenye kioo. Nimeona mhitimu mzuri akipoteza dakika kumi akitafuta pa kubofya.

5. Mahojiano: majibu yenye tukio ndani yake

Ukiingia, salimia. Kama jopo lina watu wazima kwako, "Shikamooni" moja kwa wote inatosha. Kama hujui umri wao, "Habari za asubuhi" haikosei. Subiri uambiwe ukae. Kama lugha ya mahojiano haijatajwa kwenye tangazo, swali la kwanza likija kwa Kiingereza jibu kwa Kiingereza, na ukikwama omba kwa heshima kufafanua kwa Kiswahili. Majopo mengi huruhusu, na ni heri kuomba kuliko kunyamaza.

"Jieleze" ni swali la kazi. Hawaulizi mmezaliwa wangapi. Sema jina, ulichosomea, kazi uliyowahi kufanya inayofanana na hii, na kwa nini umeomba nafasi hii. Dakika mbili zinatosha. Ifanyie mazoezi kwa sauti mbele ya mtu, maana kujisomea kimoyomoyo hakukuonyeshi pale unapojikwaa.

Maswali ya aina ya "tueleze siku ulipokutana na tatizo" huwaangusha wengi kwa sababu wanajibu kwa sifa: mimi ni mchapakazi, ninashirikiana na wenzangu. Jopo haliwezi kuandika alama kwa sifa. Toa tukio. Sema kulikuwa na nini, wewe ulifanya nini, mwisho ikawaje. Mhitimu wa uhasibu aliyesaidia AMCOS (chama cha msingi cha ushirika) ya kahawa kule Mbozi anaweza kusema hivi: "Nilikuta stakabadhi za wakulima zimechanganywa za misimu miwili. Nilizitenganisha kwa tarehe, nikafungua daftari la kila mkulima, nikawaita wenye madai waje na nakala zao. Tulipata tofauti kwenye mizani, tukaipeleka kwenye bodi, malipo yakarekebishwa." Sentensi tatu, na kila moja inaweza kuulizwa swali jingine naye akajibu, kwa sababu ni kweli.

Unasema huna uzoefu? Umewahi kuwa mweka hazina wa kwaya, kiongozi wa bweni, msimamizi wa vibarua wa viazi, mwalimu wa tempo (wa muda). Huo ni uzoefu ukiusimulia kwa namna hiyo. Andaa matukio matano ya kweli kutoka maishani mwako: fedha, ugomvi, kosa lililogunduliwa, kazi ya haraka, na kumfundisha mtu. Matano hayo yatajibu karibu kila swali la namna hii.

Ukiulizwa usichokijua, sema hukijui, kisha eleza ungekitafuta wapi. Mjumbe wa jopo anajua jibu; anaangalia utafanyaje siku mwananchi atakapokuuliza usilolijua.

Kuna swali moja la kuwa nalo macho. Dada ukiulizwa kama una mimba au unapanga kuolewa lini, fahamu kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa sababu ya ujauzito au hali ya ndoa, na inamlinda hata anayeomba kazi. Huhitaji kugombana. "Hali yangu ya nyumbani haitazuia majukumu haya" ni jibu kamili.

Mwisho wakikuuliza kama una swali, uliza moja la kazi na moja la ratiba: "Majibu tuyatarajie lini?" Tarehe hiyo utaihitaji baadaye.

6. Safari, nguo, baridi

Kutoka Mbeya hadi Dodoma kupitia Iringa na Mtera ni karibu kilomita 600. Usisafiri usiku ukaingie usaili asubuhi. Fika siku moja kabla. Sekretarieti husema wazi kwamba msailiwa anajigharamia usafiri, chakula na malazi, kwa hiyo anza kuweka nauli siku unayotuma maombi, hata elfu mbili mbili. Soma tangazo vizuri pia: usaili wa kada nyingi siku hizi hufanyikia vituo vya mikoani, na kuna waliopanda basi la Dodoma wakati kituo chao kilikuwa hapa hapa.

Nguo si lazima iwe mpya. Mwanjelwa na SIDO utapata shati na suruali au sketi nzuri za mtumba, kisha mpelekee fundi azirekebishe zikukae mwilini. Juni hadi Agosti asubuhi za Uyole, Makambako na Mafinga zina baridi kali. Vaa sweta la rangi iliyotulia au koti, maana anayetetemeka huonekana ana hofu hata kama hana. Masika beba viatu vya usaili kwenye mfuko, uvae vya matope hadi getini.

7. Kusubiri

Sehemu hii huchosha kuliko usaili wenyewe. Kwa serikali, majibu ya kila hatua hutoka kwenye tovuti na kwenye akaunti yako. Unaweza kupita mahojiano na usipangiwe kituo, kwa sababu nafasi zilikuwa chache kuliko waliofaulu. Hao majina yao huwekwa kwenye kanzidata, na nafasi ya kada hiyo ikipatikana wanaweza kupangiwa bila kusailiwa upya. Kwa hiyo kutoliona jina lako kwenye orodha ya kwanza ya kuitwa kazini hakumaanishi umefeli. Wakati huo huo endelea kuomba kwingine, kwa sababu kanzidata haina ahadi.

Chagua siku mbili za wiki za kuangalia majibu, tuseme Jumatatu na Alhamisi jioni. Anayeangalia simu kila saa hafanyi kitu kingine chochote, na usiku halali.

Kwa kampuni na mashirika, tarehe waliyokutajia ikipita, subiri wiki moja kisha tuma ujumbe mfupi: "Habari za kazi. Nilifanya usaili wa nafasi ya mhasibu msaidizi tarehe 12 Mei. Naomba kufahamu hatua iliyofikiwa. Bado naihitaji nafasi hiyo na ninapatikana kwa namba hii." Mara moja. Wakikaa kimya, rudia baada ya wiki mbili, kisha waache.

Na hili nalisema kwa uzito: usiache msimu ukupite. Mvua zetu huanza Novemba. Nimeona kijana akikataa kukodi nusu eka kwa sababu "nasubiri kuitwa", na Juni ikamkuta hana kazi wala mahindi. Viazi mviringo hukaa shambani miezi mitatu hadi minne tu, panda. Ukiitwa, nduguyo atavuna na mtagawana, na kabla ya hapo viazi hivyo hivyo ndivyo nauli ya usaili unaofuata. Kama umesomea ualimu au afya, tempo ya shule binafsi au kujitolea zahanati kunaizuia fani isipoe. Hakikisha tu unapewa barua yenye tarehe, muhuri na kazi ulizofanya.

Nyumbani wataulizia. Mwambie mama au baba ukweli wa hatua: nimepita mchujo, mahojiano tayari, majibu naangalia Alhamisi. Mzazi anayejua hatua hana haja ya kuuliza kila jioni, wala ya kusikiliza jirani anayesema bila mtu huingii. Wapo watoto wa wakulima wa Isyonje na Kidugala wasio na mjomba ofisini walioingia, na wataendelea kuingia.

8. Anayekuomba kitu

Katika kipindi cha kusubiri ndipo matapeli hupiga simu. Wanajua jina lako na kada yako kwa sababu orodha zilibandikwa hadharani. Watasema jina lako limepita, tuma hela ya fomu, ya sare, ya kupimwa afya. Sekretarieti ya Ajira haitozi fedha kwa ajira. Kata simu, hifadhi namba na ujumbe, toa taarifa polisi.

Anayetaka mwili ili akupe kazi ametenda kosa la jinai. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaitambua rushwa ya ngono. Piga 113 TAKUKURU, ni bure. Usifute ujumbe wake hata kama unakutia kinyaa, na usikubali kukutana naye "kwa mazungumzo" mahali pengine nje ya ofisi.

9. Barua ikifika

Kwa serikali, barua ya kupangiwa kituo inataja siku za kuripoti. Zihesabu siku hiyo hiyo. Utaripoti na vyeti halisi, mwajiri atavihakiki, ndipo akupe barua ya ajira. Hapa usahihi wa majina uliouhangaikia mwanzo unahitajika tena.

Kwa sekta binafsi, neno la simu lisikufanye uache kazi uliyonayo. Subiri maandishi. Sheria inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi mambo ya msingi: kazi yako, mahali, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, saa za kazi na malipo. Saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, likizo ya mwaka ni siku 28, na kipindi cha majaribio kisizidi miezi 12.

Kisha uliza mshahara uliotajwa ni ghafi (kabla ya makato) au wa mkononi. Tuseme ni 600,000 ghafi na unadaiwa mkopo wa elimu ya juu. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa kawaida hukata asilimia 10, yaani 60,000. Kodi hukokotolewa kwenye 540,000 inayobaki: 24,000. Bodi ya Mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 90,000. Mkononi unaingia na 426,000. Ukipangiwa Mafinga nawe kwenu ni Kyela, toa pango, kuni au mkaa, na nauli ya kwenda kusalimia nyumbani, ndipo uone kama inakutosha. Kuomba siku mbili za kufikiri ni haki na hakuna mwajiri mwenye nia njema atakayekasirika.

Ukikubali, saini nakala mbili na ubaki na moja. Wajulishe waajiri wengine waliokuita kwamba umepata, ili nafasi iende kwa mwenzako. Na mwezi wa tatu wa kazi, angalia taarifa yako ya NSSF kama michango imeingia. Ikiwa haimo, muulize mwajiri kwa maandishi, akikaa kimya nenda ofisi ya NSSF ya mkoa ukiwa na mkataba na hati za mshahara mkononi.